Kisu cha Kazi Moja: Fundi wa Sarang'ombe na Kerezo Lake Dogo

Wahenga wetu walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi si mwana wa mhunzi. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa muuza kahawa chungu katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, nami sikuuza kahawa wala sikumpepelea makaa. Nilitiwa chuoni, nikahitimu Msahafu, kisha nikaangukia kalamu. Lakini Msahafu huo niliusoma kwa pesa za mdila. Ada ya mwalimu ilitoka katika senti zile zile zilizolia pamoja na vikombe. Kwa hivyo, msomaji, niwie radhi nikianza makala ya mafundi wa chuma kwa habari za chombo cha kahawa.

Mdila huo wa shaba tulibaki nao baada ya mazishi. Hutolewa mara moja kwa mwaka, siku ya hitima ya baba. Katika hitima ya mwaka jana kirungu cha kifuniko chake, yaani kile kitufe cha juu kishikwacho kwa vidole viwili, kilikatika shingo, kikabiringika, na hakikuonekana tena. Ndugu yangu akajaribu kukifunua kifuniko kwa ncha ya kisu. Kikamponyoka, na kahawa ikamwagikia kanzu ya mgeni. Watu wakacheka, yakapita. Wiki ile ile akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Nilifika mlangoni nikaukuta mdila wa baba umekwisha ning'inizwa kwenye ndoana, na kijana wa nyumbani anangojea kutajiwa bei ya kilo.

Nikautoa kwenye ndoana bila ya kusema neno. Wala kijana sikumlaumu. Chombo kisichotumika ni mzigo, na mzigo hupimwa kwa kilo.

Niliupeleka kwa mafundi wawili pale Mombasa. Wa kwanza alitaka kuuchomelea nati ya baiskeli juu ya kifuniko. Wa pili alinishauri ninunue mpya, tena kwa upole kama ampaye mtu pole ya msiba. Mashine zao zilikuwa kubwa, na kazi yangu ilikuwa ndogo kuliko ncha ya kidole. Nikaufunga mdila katika shuka, na nilipopata safari ya Nairobi nikauchukua.

Kutoka Msikiti wa Makina hadi Kerezoni

Ijumaa moja nilisali katika Msikiti wa Makina, Kibera. Ndugu zetu Wanubi ndio waliolifungua eneo hili mwanzoni mwa karne iliyopita. Walikuwa askari wa Kisudani wa jeshi la kikoloni waliopewa mahali pa kukaa na jamaa zao, na jina la Kibra katika lugha yao lina maana ya msitu. Msitu huo leo ni wa mabati. Baada ya sala nilimwonyesha mzee mmoja wa Kinubi kifuniko changu. Akakigeuza mara mbili, akaniambia, "Shuka Sarang'ombe. Uliza pale wanapochonga mifupa."

Sarang'ombe ni wadi mojawapo katika eneo bunge la Kibra. Ndani ya vijia vyake kuna vibanda ambamo mifupa ya ng'ombe iliyotoka machinjioni hukatwa, ikang'arishwa, ikageuka hereni, vikuku na vishikizo vya nguo. Pamoja na mifupa hutumika shaba. Nayo shaba haitoki mgodini. Hutoka katika mabomba mabovu ya maji na kufuli zilizopotelewa na funguo, zikayeyushwa kwa makaa na kumiminwa upya. Nilisimama mbele ya rundo la kufuli hizo, nikausikia ule mdila kwapani mwangu ukiwa mzito zaidi. Kumbe huku ndiko ulikokuwa ukielekea siku ile ulipotiwa kwenye mizani.

Fundi niliyeelekezwa kwake ni mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jina lake ameniomba nisiliandike, nami nimeridhia. Juu ya meza yake palikuwa na mashine ambayo urefu wake haukuzidi dhiraa moja.

"Karibu, mzee. Hiyo ni sufuria ama birika?"

"Ni mdila, bwana fundi. Umekatika kirungu."

Aliushika kwa mikono miwili, akaugonga kwa ukucha, akausikiliza. Kisha akasema, "Hii ukiipeleka kwa lethi kubwa, mzee, itaimeza. Hii ni kazi ya mtoto." Akaipigapiga mashine yake mgongoni kama apigaye punda mwema.

Neno Tulilolisahau

Mafundi wa Nairobi huiita mashine hii lethi. Lakini sisi watu wa pwani tuna neno letu, nalo ni kerezo, au keezo kama walivyotamka wazee wetu. Kazi yake ni kukereza, na mwenye kazi ni mkereza. Utotoni nilipochukuliwa na mama kwenda Lamu kwa jamaa zake, nilimwona mkereza ameketi chini katika kivuli cha ukuta. Mkono mmoja ulivuta uta, na kamba ya uta iliuzungusha mti huku na huku. Mkono wa pili ulishika patasi, na kidole gumba cha mguu kikaiongoza. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa matendegu ya vitanda vya harusi, yenye shingo na mapete, ambayo leo watalii huyanunua kama vitu vya kale.

Nilipomweleza fundi wa Sarang'ombe habari hizo alicheka kwa furaha. Alidhani mashine hii ililetwa na Mzungu, na kwamba sisi tuliipokea tu. Nikamwambia kwamba asili ya kukereza ni ya kale sana; Wamisri wa zamani waliijua, na katika pwani yetu lina jina. Kilichobadilika ni kwamba zamani mti ulizunguka mbele na nyuma na mkono ukashika kisu, ama leo chuma huzunguka upande mmoja bila ya kukoma, na kisu kimefungwa imara juu ya kiti chake.

Kerezo lake yeye lilikuja Nairobi katika vitu vya mtumba, bila ya mota na bila ya visu. Mota alilipa ya cherehani ya umeme. Na lile kanyagio la mguu la cherehani ndilo linalopunguza na kuongeza mwendo, hata ukimtazama fundi akifanya kazi utasema anashona.

Hapo ndipo lilipo tatizo la kerezo dogo: ni yatima. Visu vinavyouzwa madukani vimetengenezewa mashine kubwa, na kiti chake hakiwezi kuvipokea. Vile vidogo vinavyofaa huagizwa ng'ambo, na bei yake ni ya ng'ambo. Tena hata ukivipata, ni visu vya kazi za kawaida. Hakuna duka duniani liuzalo kisu cha kukata kirungu cha mdila wa baba yangu.

"Sasa tutafanyaje?" nikamwuliza.

"Tutatengeneza tulu kwanza, mzee. Halafu tulu itatengeneza kirungu."

Picha ya Baba

Kwanza ulitakiwa ukubwa wa kirungu, na kirungu chenyewe kimepotea. Nilikuwa nayo katika pochi picha ya zamani ya baba, amesimama na mdila wake mkononi. Fundi aliitazama kwa muda, kisha akachukua rula. Kifuniko halisi kilikuwa na upana wa milimita 60. Ndani ya picha kilikuwa milimita 15, yaani robo. Kirungu ndani ya picha kilikuwa milimita 3. Akaandika kwa chaki juu ya bati: 12.

Nikakumbuka darasa letu la chuoni, tulipofikishwa katika Sura ya Sabaa, penye habari za Nabii Daudi, amani iwe juu yake, aliyelainishiwa chuma na kuamrishwa kufuma deraya kwa kipimo. Mwalimu wetu alikuwa akituambia tuzingatie: hakuambiwa apige nyundo kwa nguvu tu, aliambiwa apime. Miaka arobaini na kitu imepita, nami maana yake nimeiona siku ile kwenye bati la Sarang'ombe.

Tupa Mbovu Yawa Kisu

Fundi akatoa chini ya meza tupa iliyokwisha meno. Tupa, msomaji, ni chuma cha pua kilichogumishwa, na kwa hivyo haikubali kukatwa na msumeno. Sharti kwanza ulainishwe ukaidi wake. Akaitia katika jiko la makaa mpaka ikawa nyekundu, kisha akaifukia ndani ya jivu na kuiacha huko ipoe polepole, tangu alasiri hadi asubuhi ya pili. Ukiiharakisha itarudi ugumu wake.

Asubuhi ilikuwa laini kama chuma chochote. Akakata kipande chenye urefu wa kidole, akakitoboa tundu la milimita 12 kwa keekee, kisha akalipasua tundu hilo katikati kwa msumeno. Ikabaki nusu mwezi. Ukingo wa nusu mwezi huo ndio utakaoichonga shaba. Lakini chini ya ukingo alipunguza kwa tupa nyingine, kwa mshazari, ili makali peke yake yaguse kazi na tumbo la kisu lisisugue. Juu yake hakuinamisha hata kidogo. Aliacha bapa kama meza.

Nikamwuliza sababu. Akanieleza kwamba kisu cha kukatia chuma huinamishwa uso wake ili kichimbe vizuri, ama kwa shaba hii ya manjano kuinamisha ni hatari. Shaba hukivuta kisu chenye pua kali kikazama ghafla, na kwa mashine ndogo hilo likitokea kazi hung'oka au kisu huvunjika. Shaba hutaka kisu kisicho na tamaa.

Kisha ikaja kazi ya moto, na kazi hiyo alimwachia mwanafunzi wake, msichana wa miaka kama kumi na minane. Alikipasha kisu hadi kikawa chekundu, akawa anakigusisha sumaku mara kwa mara. Chuma kikifika joto la kiasi cha digrii 770 za Selsiasi, sumaku haikivuti tena. Na likizidi hapo kidogo ndipo chuma hicho huwa tayari kuzamishwa. Msichana akakizamisha katika kopo la maji. Pakalia mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja kidole. Kisu kilikuwa kimepasuka kwenye pembe.

Nilitazamia ukali. Nilikulia chuoni, najua bakora. Fundi akakiokota kisu, akamwonyesha ule ufa, akamwambia, "Pembe kali na maji baridi haviskizani. Tutaiviringisha pembe, na tutatumia mafuta." Wakaanza tena, tangu kukata. Siku ya pili ikaisha hivyo.

Siku ya tatu kisu cha pili kilizamishwa katika mafuta ya gari yaliyokwisha tumika, kikatoka kizima. Tupa ikapitishwa juu yake, ikateleza kama juu ya kioo. Hiyo ndiyo dalili kwamba kimegumika. Lakini ugumu wa namna hiyo ni kama hasira: hukata, na huvunjika. Akaking'arisha kwa msasa, akakiweka juu ya kipande cha bati juu ya makaa, na sote watatu tukainama kutazama rangi. Weupe ukaanza kupata umanjano, kama chai ya rangi iliyotiwa majani machache. Hapo akakiondoa mara moja na kukipoza. Angekiacha kikafika buluu kingefaa kuwa springi, si kisu.

Kwa kazi hii hii alitengeneza na chombo cha pili: pete ya shaba yenye tundu la milimita 4, iliyopasuliwa upande mmoja kwa msumeno. Pete hiyo huvishwa shina la kirungu kabla ya kubanwa na taya za kerezo. Taya zikikaza, ule mpasuo hujifunga na pete ikakumbatia shina pande zote, bila ya kuliachia alama ya meno.

Matayarisho yalichukua siku tatu. Kirungu chenyewe kilichukua chini ya saa moja. Kipande cha shaba, ambacho zamani kilikuwa bomba la maji, kilizungushwa. Shina likachongwa kwanza. Kisha mviringo ukapunguzwa ngazi kwa ngazi kwa kisu cha kawaida. Mwisho ndipo ulipoingia ule nusu mwezi, mguu ukiwa mwepesi juu ya kanyagio, ukagusa kidogo tu. Kisu kipana kikilazimishwa katika kerezo dogo kazi yote hutetemeka. Vumbi la dhahabu likamwagikia mikono yake. Kirungu kikakatwa, kikageuzwa, kikashikwa kwa ile pete, na ncha yake ikamaliziwa kwa tupa na msasa. Kisha shina likapitishwa kwenye tundu la kifuniko na kupigiliwa kwa ndani.

Fundi wa Kufuli za London

Kuna mtu mmoja niliyemkumbuka wakati nikilitazama lile rundo la kufuli. London, mwaka 1784, bwana mmoja aitwaye Joseph Bramah alijipatia hati ya kufuli isiyofunguka bila ya ufunguo wake. Ilikuwa ni kufuli ya ajabu, lakini kila sehemu yake ilichongwa kwa mkono, na ikawa ghali mno. Mwaka 1789 akamwajiri kijana mhunzi, Henry Maudslay, ambaye alikuwa ameanza kazi mtoto wa miaka 12 katika ghala ya silaha ya Woolwich. Kijana huyo hakutengeneza kufuli tu. Alitengeneza zana za kutengenezea kufuli. Hapo ndipo biashara iliposimama. Bramah aliiweka kufuli moja dirishani na kuahidi zawadi kwa atakayeifungua, na haikufunguliwa mpaka mwaka 1851, na Mmarekani aitwaye Alfred Hobbs, tena baada ya siku nyingi za jasho.

Lakini Maudslay alipoomba nyongeza juu ya shilingi zake 30 kwa wiki, alinyimwa. Mwaka 1797 akaondoka, akafungua karakana yake mwenyewe, na makerezo ya kukatia skrubu aliyoyatengeneza yakawa mama wa viwanda vingi. Jina la kufuli lilibaki kuwa la Bramah. Ndivyo ulimwengu ulivyo: husifiwa kitu, mara chache hukumbukwa chombo kilichokifanya kitu.

Kwetu Kenya hali haikuwa mbali na hiyo. Mwaka 1972 ndipo wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walipotoa ripoti yao juu ya ajira katika nchi hii, wakasema kwamba mafundi wadogo wasiosajiliwa wana uhai na ubunifu. Kabla ya hapo waliowajua zaidi walikuwa askari wa jiji. Serikali nayo ikaanza kuwataja jua kali katika mipango yake ya uchumi miaka ya 1980. Hayo yalikuwa mema. Hata hivyo, katika hesabu zote za sufuria, majiko na masanduku ya bati, hakuna safu ya kuandikia visu vilivyotengenezwa kwa tupa mbovu ili kufanya kazi moja.

Mkebe wa Visu

Nilipouliza malipo, bei aliyonitajia ilikuwa ya kirungu peke yake.

"Na kile kisu, bwana fundi? Siku tatu zile?"

"Kisu ni yangu, mzee. Nimekuuzia kirungu, sijakuuzia kisu."

Akafungua mkebe wa maziwa ya unga na kuumwaga juu ya meza. Visu kama sitini, hakuna viwili vilivyofanana. Hiki kilikata sehemu ya kiti cha magurudumu cha mtoto wa jirani. Hiki cha jiko la mafuta ya taa. Hiki cha mashine ya kushonea viatu, na mwenye viatu alikwisha fariki. Msichana alivijua vyote, akavitaja kimoja kimoja kama mtoto wa chuoni anayesoma juzuu. Kile kilichopasuka pia kilikuwamo. Fundi alisema amekiweka ili asisahau.

Hapo nikafahamu nilichokosa kukifahamu kwa mafundi wawili wa Mombasa, wala si kosa lao. Wao walikuwa na mashine, huyu ana mkebe. Mashine hununuliwa. Mkebe hujazwa kidogo kidogo kwa miaka, na siku fundi akifa bila ya msichana kama yule, unakuwa ni vyuma chakavu, kilo moja na nusu. Nimejiuliza tangu siku ile, wakereza wetu wa Lamu waliacha mikebe mingapi, na nani aliyeipima.

Kabla sijaondoka msichana aliniomba nimwandikie lile neno la zamani. Nikachukua chaki, nikaandika juu ya bati, chini ya ile 12: kerezo. Naye akaniandikia langu katika kitabu changu: tulu.

Hitima ya baba ya mwaka huu ilisomwa, mdila ukatolewa, kifuniko kikafunuliwa kwa vidole viwili. Mgeni wa mwaka jana alikuwako, na kanzu yake ilitoka salama. Kijana wetu wa nyumbani ndiye aliyemimina. Kirungu king'avu kuliko mdila, kwa kuwa bado ni kipya. Kitachujuka na chenyewe, inshallah, tukikitumia. Ubeti huu nimemtungia yule msichana wa Sarang'ombe:

Tupa mbovu, ni ya chuma, haikukataa kazi,
Moto ukaipa hima, ikawa kisu azizi,
Haiuzwi kwa kupima, kilo haziwi ujuzi,
Mwana mhunzi simama, usane kama wazazi.